Mkeka wa Pemba na Mkeka wa Japani

Mgeni anapobisha hodi katika nyumba ya Pemba, iwe Wete au Mkoani, Konde au Wingwi, jambo la kwanza atendewalo baada ya kukaribishwa ni kutandikiwa mkeka. Kiti kikiwapo ataonyeshwa, lakini heshima ya nyumba haimo kitini. Imo katika ule mkeka mzuri ulioviringishwa na kusimamishwa pembeni mwa chumba, ambao hautandikwi kwa ajili ya watoto kuchezea wala kwa kuchagulia mchele. Mgeni naye, pasipo kuambiwa, huvua viatu vyake kizingitini. Asiyevua huwa amekwisha kujieleza yeye ni mtu wa namna gani, wala haihitajiki kumwuliza zaidi.

Wako watu wengine ulimwenguni, tena wa visiwani kama sisi, walao wali na samaki kama sisi, ambao nao huona ni utovu wa adabu mkubwa kukanyaga mkeka kwa viatu. Hao ni Wajapani. Katika nyumba ya Kijapani iliyojengwa kwa desturi ya zamani, chumba chote hutandazwa mikeka minene iitwayo tatami, ikabanana ukuta kwa ukuta hata sakafu isionekane. Juu yake hukaliwa, huliwa, hulalwa na hupokelewa wageni. Ukubwa wa chumba wenyewe hutajwa kwa mikeka: hiki ni cha mikeka sita, kile ni cha mikeka minane, na chumba cha kunywea chai kwa taratibu zao za heshima ni cha mikeka minne na nusu. Mkeka mmoja huwa na urefu wa karibu sentimeta 180 na upana wa nusu ya hapo, ingawa vipimo vya Kyoto na vya Tokyo havilingani.

Kwa wasomaji wetu wa kike walio watu wazima, mikono ya Wajapani si migeni kabisa. Kanga nyingi zilizovaliwa katika pwani yetu katika miaka ya 1950 na 1960 zilichapwa Japani, zikaletwa kwa meli hadi Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, zikiwa na misemo ya Kiswahili ambayo yamkini wachapaji wenyewe hawakujua inamsuta nani. Bibi zetu walivaa kazi ya Osaka huku wamekaa juu ya kazi ya mikono yao wenyewe. Leo nataka tuitazame hiyo ya pili, yaani mkeka, na kuuliza kwa nini taifa moja limeutungia msusi sheria, ilhali sisi bado tunambembeleza apunguze bei.

Neno tatami latokana na kitenzi chao chenye maana ya kukunja, kwa sababu hapo zamani ulikuwa mkeka mwembamba uliokunjwa na kuwekwa kando baada ya matumizi, sawasawa na wa kwetu. Katika ghala ya kale ya Shosoin, mjini Nara, bado imehifadhiwa tatami ya karne ya 8. Kwa muda mrefu zilikuwa ni za kukalia wakubwa peke yao, na ni baadaye sana ndipo zilipoenea chumba kizima, na baadaye zaidi zikafika katika nyumba za watu wa kawaida. Sura yake ya juu husukwa kwa nyasi za majimaji ziitwazo igusa, ambazo hulimwa katika mashamba yaliyofurikwa maji kama mpunga. Nyasi hizo huvunwa katika kilele cha joto, mwezi wa Juni na Julai, kisha hutumbukizwa katika maji ya udongo ili zikauke kwa usawa na zisipoteze rangi wala harufu yake. Tatami moja hula mashina elfu nne au zaidi. Pembeni hupigwa upindo wa kitambaa, na hapo zamani upindo huo ulionyesha cheo cha mwenye nyumba.

Sasa na turudi kwetu. Mkeka wa Pemba hauna shamba lililolimwa. Una bonde na una mwitu. Mkindu huota penye maji na tope, na majani yake machanga, yale ambayo bado hayajafunuka, ndiyo yatoayo ukindu laini wa mikeka ya kulalia na misala ya kusalia. Mkoma huota katika ardhi kavu zaidi ya mawe, na majani yake, yaani miyaa, ni magumu, yanafaa kwa majamvi, makanda na vikapu. Anayejua kazi hawezi kuyachanganya, na mteja anayeuziwa miyaa kwa bei ya ukindu amepunjwa.

Majani hukatwa, huanikwa juani mpaka yaingie weupe, na huchanwa vipande vyembamba vilivyo sawa. Hapa ndipo penye siri, kwa maana ukindu usiochanwa sawa hautatoa ukili ulionyooka hata msukaji awe hodari namna gani. Sehemu nyingine huachwa nyeupe na nyingine hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Leo rangi ni ya unga, hununuliwa dukani kwa vifuko, lakini kabla ya maduka nyeusi ilitoka katika mizizi ya mdaa na manjano ikatoka katika manjano yenyewe, hii hii ya jikoni. Kisha msukaji hukaa barazani, miguu ameinyoosha, akaanza ukili wake, na ukili huo huendelea pima kwa pima, ukizungushwa kama utepe, huku akizungumza, akimwangalia mtoto, akisikiliza redio, na macho yake wala hayako mikononi. Zikishatimia kili za kutosha hushonwa ubavu kwa ubavu kwa sindano kubwa iitwayo shazia, nakshi ya ukili mmoja ikaoana na ya mwenzake, na mwisho hutiwa taraza kandokando ili usifumuke.

Nimesema nakshi ioane, na jambo hilo ni gumu kuliko linavyosomeka. Nakshi haikuchorwa popote. Msukaji huihesabu kichwani tangu pima ya kwanza, akijua kwamba miraba au mishazari anayoisuka leo itabidi ikutane na ile atakayoisuka wiki mbili zijazo, katika ukili mwingine, upande wa pili wa mkeka. Mtu aliyesomea hesabu shuleni angehitaji karatasi yenye mistari. Mama huyu tumemzoea kumwita asiyesoma.

Kazi hii ni ya kale kuliko tunavyodhani. Mfanyabiashara Myunani wa Misri aliyeandika habari za bahari yetu katika karne ya kwanza baada ya Kristo alitaja kisiwa alichokiita Menuthias, ambacho wataalamu wengine wanadhani ni Pemba, wengine Unguja na wengine Mafia. Kisiwa hicho kilikuwa na vyombo vya kushonwa, na watu wake walivua samaki na kasa kwa mitego ya kusuka. Baharia yeyote wa Kojani atatambua kwamba huyo Myunani aliliona dema. Mitepe nayo, zile jahazi za kushonwa kwa kamba ambazo zilisafiri katika pwani yetu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, haikuwa na tanga la kitambaa. Tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya biashara ya pwani ilisukumwa na upepo uliopiga juu ya ukili.

Na karafuu je? Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu wakati huo Pemba ikawa ndiyo yenye sehemu kubwa ya zao hilo lililolisha Visiwa kwa miaka mingi. Vitabu vya historia vimetueleza habari za mashamba, za wenye mashamba, za watumwa na za vibarua, na baada ya mwaka 1968 habari za Shirika la Biashara la Taifa, ambalo ndilo lililonunua. Jamvi halitajwi. Lakini karafuu mbichi haiuziki mpaka ikauke, na imeanikwa juu ya majamvi siku kadhaa mfululizo, ikigeuzwageuzwa, ikianuliwa kila mawingu yanapokusanyika. Jamvi huruhusu hewa kupita chini, halitii harufu, na mvua ikija ghafula watu wawili hushika pembe zake wakaukusanya mzigo mzima kwa mara moja. Lami haiwezi hayo, na karatasi ya nailoni huhifadhi jasho la karafuu na kuivundisha. Hivyo fedha ya kigeni ya nchi ilikaushwa juu ya kazi ya mikono ya akina mama, kazi ambayo haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Hebu sasa tuione sheria ya Wajapani. Mnamo mwaka 1974, wakati viwanda vyao vya magari na redio vilipokuwa vikiijaza dunia bidhaa, Bunge lao lilipitisha sheria ya kukuza viwanda vya ufundi wa jadi. Waliona kwamba vijana wanakimbilia viwandani na kwamba wazee wenye ufundi wanakufa nao. Sheria hiyo iliweka masharti matano ambayo kazi ya mikono ni lazima iyatimize ndipo itambuliwe na serikali. Kwanza iwe inatumika hasa katika maisha ya kila siku, si pambo la kabatini. Pili, sehemu kubwa ya utengenezaji iwe kwa mikono. Tatu, ufundi wake uwe umerithiwa kwa miaka 100 au zaidi. Nne, malighafi yake iwe ile ile ya tangu zamani. Tano, kuwe na eneo maalumu lenye mafundi wa kutosha, yaani karakana 10 au watu 30 kwa uchache.

Kazi inayotimiza masharti hayo hupewa alama rasmi, ambayo hubandikwa juu ya kila kifaa kilichokaguliwa, na mnunuzi akiiona anajua kwamba hakuuziwa bandia. Hadi sasa zaidi ya kazi 240 zimetambuliwa: vyungu, vitambaa, karatasi, vyombo vya kupakwa utomvu, vikapu vya mianzi. Fundi mmoja mmoja naye, akishatimiza miaka 12 katika kazi yake, anaweza kufanya mtihani na kupewa cheo cha fundi wa jadi.

Tuupime mkeka wetu kwa mizani hiyo hiyo. Unatumika kila siku? Unatumika msibani, msikitini, arusini na shambani. Unatengenezwa kwa mikono? Hakuna mashine iliyowahi kusuka ukili wa Pemba. Miaka 100? Tumekwisha kumwita Myunani awe shahidi. Malighafi ni ile ile, ukiondoa rangi ya unga. Na watu 30? Katika vijiji vingi vya Pemba ungewapata kabla hujamaliza kupita nyumba za njia moja. Ingelikuwa Pemba ni mkoa wa Japani, mkeka wake ungekuwa na alama ya serikali tangu zamani, na msukaji wake angekuwa na cheti ukutani.

Wajapani walikwenda mbali kuliko hapo. Chini ya sheria nyingine ya kuhifadhi mali za utamaduni, iliyotungwa mwaka 1950 na kupanuliwa mwaka 1954, serikali yao humteua mtu binafsi, kwa jina lake, kuwa mhifadhi wa ufundi fulani, na wananchi humwita hazina hai ya taifa. Hupewa ruzuku ya yen milioni mbili kila mwaka ili aendeleze kazi na kufundisha wengine. Mwaka 1967 cheo hicho alipewa kwa mara ya kwanza msukaji wa vikapu vya mianzi, Shono Shounsai wa Beppu. Nasema vikapu. Mtu wa kusuka vikapu alihesabiwa pamoja na waigizaji wakuu wa michezo ya kuigiza na wafua panga mashuhuri.

Hata hivyo nisingependa tuwaze kwamba heshima ni ya mabingwa wachache tu. Mwanafikra wao Yanagi Soetsu, aliyeishi kati ya mwaka 1889 na 1961, alishikilia kwamba uzuri mkubwa kabisa umo katika vitu vya kawaida vilivyofanywa na watu wasiojulikana majina kwa matumizi ya watu wa kawaida. Mwaka 1936 yeye na wenzake walifungua jijini Tokyo nyumba ya makumbusho ya vitu hivyo: mabakuli ya wakulima, mablanketi, vikapu. Sisi tunayo makumbusho Chake Chake, ndani ya ngome ya zamani, na nionavyo mimi chumba kimoja cha mikeka, misala, kawa na makanda, kila kimoja kikiwa na jina la aliyekisuka na la kijiji chake, kingemfundisha mtoto wa skuli mambo mengi ambayo mzinga hauwezi kumfundisha.

Hapo penye neno jina ndipo ninapotofautiana kidogo na Yanagi. Aliusifu ufundi usio na jina, na sifa hiyo ni tamu mdomoni mwa mtu ambaye yeye mwenyewe jina lake linajulikana. Tuangalie kwetu. Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama wake kwenye mbao jijini Dar es Salaam kwa miaka michache tu, akafariki mwaka 1972, na mpaka leo picha za namna ile zinauzwa ulimwenguni kwa jina lake. Mikoba ya ukili inayotundikwa katika maduka ya Mji Mkongwe nayo huuzwa kwa watalii kwa fedha za kigeni, lakini huuzwa kama nazi, pasipo mtu kuuliza imeangushwa na nani.

Mtu asije akadhani kwamba sheria imewatatulia Wajapani kila kitu. Igusa yao, ambayo karibu yote hulimwa katika mkoa wa Kumamoto, imepungua sana. Wakulima waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu leo wamebaki mia chache. Sababu ya kwanza ni kwamba vijana wanaojenga nyumba mpya wanataka sakafu ya mbao na makochi. Sababu ya pili ni mikeka ya bei rahisi kutoka China, ambayo sasa ndiyo inayotumika kwa sehemu kubwa. Mwezi wa Aprili 2001 serikali ya Japani ilichukua hatua ambayo ingewachekesha watu wa nchi nyingi: ilitoza ushuru wa dharura wa asilimia 106 juu ya nyasi za tatami kutoka China zilizozidi kiwango kilichowekwa, pamoja na vitunguu vya majani na uyoga. Wachina hawakucheka. Mwezi wa Juni walijibu kwa kutoza ushuru wa asilimia 100 juu ya magari, simu za mkononi na mitambo ya kupoza hewa kutoka Japani. Mataifa mawili makubwa ya Asia yakavutana mpaka Desemba, yalipopatana. Kwa hiyo kwa muda wa miezi kadhaa wauza magari wa Japani walibeba hasara kwa ajili ya wakulima wa nyasi za mkeka.

Wako walioiona hatua hiyo ni ya upumbavu, na kwa hesabu za duka pengine ni kweli. Mimi naiona kwa jicho lingine. Serikali ilikuwa imekubali, mbele ya ulimwengu, kwamba mkeka ni jambo la kugombaniwa.

Kwetu mpinzani wa mkeka hajapigwa vita na mtu yeyote. Mkeka wa plastiki umeingia madukani, unang'aa, unafutika kwa kitambaa, na bei yake ni ndogo. Simlaumu mama mwenye watoto saba akiununua. Plastiki haioni haya kumwagikiwa uji. Ninachokilaumu ni yale mazungumzo ya sokoni, ambayo kila mmoja wetu ameyasikia, au ameyafanya mwenyewe:

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkeka huu unauzaje?"

Bibi anataja bei yake.

"Aa, bi mkubwa, nipunguzie. Mbona dukani upo wa plastiki kwa nusu ya hiyo?"

"Basi toa ulicho nacho, mwanangu. Jua lishakuwa kali na nyumbani ni mbali."

Biashara imekwisha, mnunuzi anaondoka akijiona mjanja. Lakini hebu tupige hesabu. Tuchukulie kwamba bibi huyu anasuka saa mbili tu kila siku, baada ya shamba na jikoni, kwa muda wa siku 30. Hizo ni saa 60, na hatujahesabu kwenda kukata ukindu bondeni, kuuanika, kuuchana, kuutia rangi, wala kushona. Mnunuzi yule yule akimwita fundi mwashi au seremala kwa saa 60 atamlipa bila ya kumtajia plastiki. Kwa nini basi saa za bibi hazina bei? Jibu nionalo ni kwamba tumezizoea kuzihesabu kuwa ni saa za kupumzika. Kwa kuwa anasuka amekaa, na kwa kuwa anasuka huku anazungumza, tunadhani hafanyi kazi.

Jambo hili si la uzuri peke yake, ni la chakula. Katika nyumba nyingi za Pemba fedha ya ukili ndiyo fedha ya mwanamke, asiyoiomba kwa mume wala kwa kaka. Hununulia daftari la mtoto, mafuta ya taa, dawa. Binti akiona kwamba mama yake anasuka mwezi mzima na kulipwa kwa huruma, hatajifunza ukili, na hakuna hotuba ya utamaduni itakayomshawishi. Atakuwa na haki. Ufundi ukifikia hapo haufi kwa kusahauliwa, unakufa kwa kukokotolewa.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitaka Watanganyika waone fahari katika mambo yao wenyewe. Fahari tunayo siku za maonyesho. Kinachokosekana ni mpango wa kila siku. Vikundi vya ushirika vya akina mama vinaweza kufanya mambo matatu bila ya kungoja sheria kutoka popote: kukubaliana bei ya chini ambayo hakuna mwanachama atakayeivunja, kutia alama yao wenyewe kwenye taraza ya kila mkeka pamoja na jina la kijiji, na kukataa kutia alama hiyo katika kazi iliyofanywa ovyo ovyo. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hakuna jambo gumu kijijini kama kumwambia shoga yako kwamba ukili wake umelegea. Nayo mafunzo ya amali, ambayo yana kituo chake Vitongoji, yangefanya vyema kumhesabu msukaji bingwa kuwa ni mwalimu sawa na mwalimu wa useremala, akaingia darasani kwa mshahara.

Mikindu nayo inahitaji jicho. Mabonde yakigeuzwa yote kuwa mashamba au viwanja, na majani machanga yakikatwa mfululizo katika shina moja, mti hudhoofika. Wazee walikata kwa zamu, wakauacha mti upumue, na busara hiyo ni bora irejeshwe kabla haijatungiwa faini. Mjapani hupanda igusa yake shambani. Sisi hatujawahi kuupanda mkindu kwa kuwa ulikuwepo siku zote.

Sasa kwa wewe uliyekusudia kununua mkeka mwezi huu, haya machache ya kukusaidia. Ukunjue wote, usikubali kuuziwa ukiwa umeviringishwa. Uinue kuelekea penye mwanga: ukiona nuru inapenya kwa wingi, ukili umelegea. Pitisha kiganja penye maungio. Shazia ikiwa imeshonwa karibu karibu hutahisi mgongo. Tazama kama nakshi za kili mbili zilizo jirani zinakutana au zinapishana. Lowesha kidole usugue penye rangi, na kidole kikitoka chekundu jua kwamba nguo zako za Ijumaa nazo zitatoka hivyo hivyo. Ukishaufikisha nyumbani, usiukunje kama shuka, maana utavunjika penye kunyanzi, uviringishe. Usiuanike juani siku nzima, rangi itapauka. Mpe nusu saa ya asubuhi na uutie kivulini. Vumbi lifagie kwa kufuata mwendo wa ukili, usiukate kwa ufagio, na hivyo ndivyo mwanamke wa Kyoto anavyoifagia tatami yake. Ukimwagikiwa chai, kausha kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha ndipo upitishe kilicholoweshwa kidogo.

Na bei, kama mfuko unaruhusu, mpe bi mkubwa ile aliyoitaja mara ya kwanza.